Tonga ilipopotea hewani: nchi ya visiwa inahitaji njia ngapi za kutokea nje?

Muunga Faiba (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Mimi ni fundi wa kuunga faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha intaneti kwa mwanga, kazi niliyoifanya kwa miaka mingi kwenye mitaro ya Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani. Nimeuleta uzi huu kwa sababu kila mkongo wa baharini, ule waya wa faiba uliolazwa chini ya maji, unapokatika mjadala wetu huishia kwenye kulalamikia bando, na wiki ikipita tunasahau. Naomba safari hii tulitazame jambo lenyewe kwa utulivu, kupitia nchi moja ndogo iliyowahi kupotea kabisa hewani, nayo ni Ufalme wa Tonga katika bahari ya Pasifiki. Hoja yangu naiweka mezani mapema: volkano ndiyo iliyokata mkongo wa Tonga, lakini wiki tano za dhiki zilizofuata zilitokana na nchi kuwa na mlango mmoja tu wa kutokea nje, na gharama ya mlango wa pili haiwezi kubebwa na vocha za watu laki moja.

Tonga ina visiwa zaidi ya 170, na 36 kati ya hivyo ndivyo vyenye wakazi. Mji mkuu, Nuku'alofa, uko kisiwa cha Tongatapu upande wa kusini. Kaskazini yake kuna kundi la Ha'apai, na mbele zaidi kuna Vava'u. Hadi mwaka 2013 mawasiliano yote ya nje yalitegemea setilaiti zile za zamani zinazokaa juu kiasi cha kilomita 36,000. Aliyewahi kuongea na ndugu yake kwa njia hiyo anakumbuka jinsi mnavyokatishana maneno, kwa sababu sauti yako ikipanda na kushuka, na jibu lake nalo likapanda na kushuka, nusu sekunde imeshapita. Bei nayo ilikuwa ya juu mno kwa mvuvi na mwalimu. Mwezi Agosti 2013 mkongo wa kilomita 827 kutoka Suva, nchini Fiji, ulizinduliwa Nuku'alofa, kwa ruzuku za Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Asia, na mwaka 2018 mkongo wa ndani ukaziunganisha Ha'apai na Vava'u na Tongatapu. Kwa nchi ya namna hiyo haya yalikuwa mapinduzi ya kweli, na sitaki mtu aone kwamba naubeza mkongo ule.

Onyo la kwanza lilikuja Januari 2019. Mkongo wa kwenda Fiji ulikatika, na nanga ya meli ndiyo iliyoshukiwa. Kwa muda wa karibu siku 12 nchi ilipumua kwa setilaiti finyu, na mitandao ya kijamii ikazuiwa ili nafasi iliyopo iachiwe huduma muhimu. Watu waliokuwa wakipokea pesa kutoka kwa ndugu zao walio ng'ambo walibaki wakisubiri. Baada ya tukio lile serikali ilitia sahihi mkataba wa miaka 15 na kampuni ya setilaiti ya Kacific ili iwepo njia ya akiba. Hapo ndipo penye uchungu, kwani mkataba huo uliingia kwenye mgogoro kati ya pande mbili, na ilipofika Januari 2022 njia ya akiba haikuwa ikifanya kazi. Mwenye nyumba alikuwa ameshaibiwa mara moja, akaagiza kitasa, na mwizi wa pili akafika kitasa kikiwa bado kinagombaniwa bei.

Siku ya Jumamosi tarehe 15 Januari 2022, mnamo saa 11 na robo jioni, volkano ya Hunga Tonga–Hunga Ha'apai, iliyoko kiasi cha kilomita 65 kutoka Nuku'alofa, ililipuka kwa nguvu ambayo dunia ilikuwa haijaishuhudia kwa miongo mingi. Watafiti waliochunguza sakafu ya bahari baadaye walikuta kwamba majivu na mawe yaliyoanguka yalitelemka miteremko ya mlima ule chini ya maji kwa mwendo uliofikia kilomita 122 kwa saa. Mkongo wa ndani ulikatika kiasi cha dakika 15 baada ya mlipuko, lakini ule wa kimataifa ulidumu kwa takriban saa nzima zaidi. Mimi huifikiria sana saa ile. Mawimbi ya tsunami yalikuwa yameshaanza kuingia mjini, majivu yanaanguka, watu wanakimbilia sehemu za juu huku simu zikiwa mikononi, na bado nyuzi nyembamba kama unywele zilizolala baharini zilikuwa zinapitisha sauti za kuagana na za kuulizana hali. Kisha zikanyamaza zote kwa pamoja.

Kilichofuata sote tulikisoma kutoka mbali. Watonga wengi wanaishi New Zealand, Australia na Marekani, na kwa siku kadhaa walikuwa na picha za setilaiti zinazoonyesha visiwa vya kijivu bila sauti ya mama wala ya mtoto. Tarehe 17 ndege ya doria ya New Zealand ilipita juu kupiga picha, kwa sababu hapakuwa na namna nyepesi ya kuuliza. Kutoka kisiwa kidogo cha Mango, katika kundi la Ha'apai, kilichotangulia kufika nje kilikuwa ishara ya kifaa cha dharura, kile ambacho mabaharia huwa nacho chomboni kwa siku ya kuzama. Na baadaye ikajulikana kwamba nyumba zote za kisiwa hicho zilikuwa zimeharibiwa. Tarehe 19 kampuni ya Digicel ilirudisha simu za kimataifa kwa kutumia dishi la setilaiti lililokuwa kwenye Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, kwa teknolojia ya 2G tu, maana yake ni sauti na ujumbe mfupi, basi. Naomba tulikumbuke dishi lile, kwa sababu nitalirudia.

Na pesa je? Fedha ambazo Watonga walio nje huzituma nyumbani ni sawa na takriban asilimia 40 ya pato la taifa. Nchi ambayo chakula chake cha wiki kinatoka kwenye ujumbe wa "umepokea" inapokatiwa mawasiliano, imekatiwa mshahara pia, tena wakati ule ule ambao paa limeng'oka na kisima kimejaa majivu. Benki ya Dunia ilikadiria hasara ya mlipuko na tsunami kuwa kiasi cha dola milioni 90 za Marekani, sawa na asilimia 18.5 ya pato la taifa.

Kuhusu ukarabati naomba mnivumilie, maana hapa ndipo fundi anapotaka kuongea. Mkongo ukikatika, watu wa kituo cha ufukweni hupeleka mwanga ndani ya faiba na kupima unachukua muda gani kurudi kutoka mahali palipokatika. Mwanga ndani ya kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Mkato wa kwanza wa Tonga ulikuwa kilomita 37 hivi kutoka pwani, kwa hiyo jibu lilirudi kwa muda usiofika nusu ya elfu moja ya sekunde. Kujua mahali ni kazi ya asubuhi moja. Kufika mahali hapo ni kazi ya meli, na meli za kukarabati mikongo ni chache duniani na hugawana bahari kwa makubaliano. Meli CS Reliance ilikuwa Port Moresby, Papua New Guinea, siku nyingi za safari kutoka pale, na ilipofika ilikuta mkongo umechanwa vipande na sehemu nyingine zimefukiwa. Zaidi ya kilomita 80 za mkongo mpya zililazwa. Intaneti ya Tongatapu ilirudi tarehe 22 Februari 2022. Ha'apai na Vava'u walisubiri mkongo wao wa ndani kwa takriban mwaka mmoja na nusu.

Swali langu kwenu ni hili: nchi ya namna hii ingefanya nini tofauti, na nani angelipa?

Mtoto wa Ng'ambo

Ndugu Muunga Faiba, shukrani kwa maelezo. Mimi ni mtu wa Unguja, na uliposema mlango mmoja nilikumbuka mwezi Disemba 2009, njia ya umeme kutoka bara ilipoharibika na kisiwa kizima kikakaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010. Wengi hawaufikirii ule kuwa mkasa wa mawasiliano, lakini sisi tuliouishi tunajua ulivyokuwa. Minara ilikuwa na jenereta zake na mtandao ulikuwepo, ila simu zetu hazikuwa na chaji.

Mtaani kwetu palikuwa na jirani mwenye jenereta ndogo aliyeweka ubao mrefu barazani. Simu zilipangwa juu ya ubao ule kama samaki wa kuanika, kila moja imefungwa kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe kwa mpira wa fedha, na ukiiacha asubuhi ukaambiwa uje baada ya Laasiri. Bibi yangu alikuwa na mwanawe Muscat ambaye alizoea kupiga usiku baada ya Isha. Basi ikawa kila siku mimi napeleka simu ile kwa jirani mchana ili usiku iwe hai, na siku ambayo mafuta ya jenereta yalikosekana bibi alikaa na simu iliyozima mapajani hadi usingizi ukamchukua kitini. Kwa hiyo Watonga nawaelewa. Umeme wetu ulipata njia nyingine ya uhakika zaidi mwaka 2013, mkongo wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, uliofadhiliwa na Wamarekani. Nasi hatukuulipia kwa ankara zetu, jambo linaloshabihiana na hoja yako.

Muunga Faiba

Ndugu yangu wa Ng'ambo, umenigusa, na umeongeza jambo nililolipita haraka. Mawasiliano yana minyororo miwili, wa taarifa na wa umeme, na ukikatika mmoja, ule mwingine haukufai kitu. Tonga pia, katika siku zile za kwanza, umeme uliokatika na majivu yaliyofunika madishi vilikuwa sehemu ya tatizo. Mwenye kupanga njia ya akiba kisha akasahau mafuta ya jenereta hajapanga chochote.

Dira ya Mashariki

Salaam. Nimesoma yote, ila naona mjadala unapigana vita vya jana. Siku hizi kuna setilaiti zinazozunguka chini, karibu na dunia, kama za Starlink. Dishi dogo juu ya paa, intaneti ya kasi, hakuna mkongo wala nanga wala volkano. Kwa nini nchi ndogo ihangaike kulaza waya wa mamilioni ya dola baharini wakati inaweza kununua madishi?

Muunga Faiba

Ndugu Dira, swali lako ni la haki na naomba nilijibu kwa urefu, kwa sababu Tonga yenyewe imelijaribu jibu lako mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Februari 2022, Starlink ilipotoa msaada wa madishi 50 kwa Tonga. Lakini setilaiti za wakati ule zilihitaji kituo cha ardhini kilicho karibu ili zipokee na kutoa taarifa, na kituo hicho kilijengwa Fiji. Kutoka Fiji taarifa ziliendelea na safari kwa njia gani? Kwa mkongo wa baharini. Baadaye zilikuja setilaiti zinazopashana taarifa zenyewe kwa zenyewe kwa miale ya leza, na utegemezi huo umepungua, lakini mahali fulani duniani taarifa lazima zishuke, na zikishuka huingia kwenye faiba.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2024. Mwishoni mwa Juni mkongo wa ndani ulikatika tena, Vava'u na Ha'apai zikabaki taabani, na madishi ya Starlink yaliyokuwa yameshaingizwa visiwani yakawa ndiyo kimbilio. Mamlaka ikaamuru huduma isimamishwe kwa kuwa haikuwa na leseni, wananchi wakalalamika sana, na hatimaye ikaruhusiwa. Naielewa serikali iliyotaka sheria ifuatwe. Naielewa zaidi hospitali na duka la Neiafu, mji wa Vava'u, ambavyo havikuwa na njia nyingine siku ile. Leseni ya njia ya akiba inatakiwa iandikwe wakati bahari imetulia.

Kwa hiyo mimi sipingi setilaiti hata kidogo. Kwa kisiwa kama Mango, chenye kaya chache, dishi na betri na paneli ya jua ni bora kuliko mkongo, na ningependa kila kisiwa chenye watu kiwe navyo. Ninachokataa ni kuifanya setilaiti iwe njia pekee kwa nchi nzima. Uwezo wake hugawanywa kwa wote walio chini ya eneo lile, kwa hiyo siku mkongo ukikatika na nchi nzima ikahamia juu kwa saa moja, kila mtu atapata tone. Mkongo mmoja una nyuzi kadhaa, na kila uzi unaweza kuongezewa uwezo kwa kubadilisha mitambo ya ufukweni bila kugusa bahari. Tena kuna suala la mamlaka: swichi ya dishi iko mikononi mwa kampuni iliyo nchi nyingine, na taifa lisiloweza kuamua lenyewe kama simu za wagonjwa wake zitaita au hazitaita limekabidhi kitu kikubwa mno.

Na lile dishi la chuo kikuu nililoomba tulikumbuke ndilo ushahidi wangu. Halikujengwa kwa ajili ya dharura. Lilikuwepo kwa ajili ya masomo ya wanafunzi waliotawanyika visiwani. Kwa sababu lilikuwa likitumika na lilikuwa na wenye kulijua, liliweza kugeuzwa kuwa mlango wa nchi ndani ya siku chache. Kifaa cha akiba kilichofungiwa stoo miaka mitano huwa hakiwaki siku unapokihitaji. Sisi mafundi tunalijua hilo kwa jenereta na kwa betri za minara.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba Tonga ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza ndogo kuitambua thamani ya anga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 iliomba nafasi 16 za setilaiti juu ya ikweta kupitia Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, mataifa makubwa na mashirika yao yakapiga kelele, na mwishowe ikabaki na nafasi sita. Nafasi hizo zilikodishwa kwa wengine. Huzuni yangu ni kwamba ardhi ile ya angani haikuwahi kugeuzwa kuwa kisima cha kuwanywesha wenyewe siku ya kiu.

Hesabu za Mama

Naomba kuuliza kama mtu wa uhasibu. Kama njia ya pili ina faida hivyo, kwa nini kampuni za simu zisijenge zenyewe na kurudisha fedha zao kwa wateja, kama ilivyo biashara yoyote?

Muunga Faiba

Dada Hesabu, swali lako ndilo kiini cha uzi. Gharama ya mkongo hupimwa kwa umbali na kina cha bahari. Haijali upande wa pili kuna wateja wangapi. Wilaya ya Temeke peke yake, kwa sensa ya 2022, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.3. Tonga nzima ina watu kama laki moja, waliotawanyika baharini, na wengi wao wana kipato kidogo. Ukiigawa gharama ya mkongo wa mamia ya kilomita kwa wateja hao, kisha ukawaambia kwamba huu wa pili utakaa kimya muda mwingi ukisubiri wa kwanza uharibike, hakuna mwekezaji atakayebaki mezani. Hata mkongo wa kwanza ulihitaji ruzuku.

Njia iliyofanya kazi kwa majirani wao ni ya kuchangiana. Samoa ilipata mkongo wa Tui-Samoa kutoka Suva mwaka 2018, na mwaka 2020 ikapata mwingine uitwao Manatua, ambao unaihudumia Samoa yenyewe, Niue, Visiwa vya Cook na Polinesia ya Kifaransa. Hakuna hata mmoja kati ya wale wadogo ambaye angeumudu peke yake. Waliweka bahari yao pamoja, wakatafuta ruzuku na mikopo nafuu, na kila mmoja akapata mlango. Kwa Tonga nako kuna fursa iliyo karibu: mkongo wa Hawaiki, ulioanza kazi 2018 kati ya Australia, New Zealand na Marekani, unapita bahari hiyo hiyo, na mpango ni kutoa tawi hadi Vava'u. Mimi naupenda mpango huo kuliko ule wa kuongeza mkongo mwingine wa kwenda Suva, kwa sababu mlango wa mbele utabaki Tongatapu na wa nyuma utakuwa Vava'u, na mkongo wa ndani utaviunganisha viwili hivyo. Ukikatwa upande wowote, taarifa zitazunguka upande mwingine.

Hapo ndipo hesabu ya kibiashara inaponyamaza na ya taifa inapoanza. Barabara ya kwenda hospitali haijengwi kwa nauli ya wagonjwa.

Kijana wa Mji Mkongwe

Nami naomba kuongeza la upande wetu. Shelisheli ilipata mkongo wake wa kwanza mwaka 2012, nao unashukia Dar es Salaam. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa mlango pekee wa mkongo wa nchi ile ulikuwa mlangoni kwetu. Komoro nao waliingia kwenye EASSy, mkongo unaopita pwani ya mashariki ya Afrika, mwaka 2010, kisha mwaka 2019 ukaja FLY-LION3 kati ya Moroni na Mayotte. Lakini tarehe 12 Mei 2024 EASSy na mkongo mwingine wa pwani hii, Seacom, ilikatika siku moja, kusini kabisa karibu na Durban, na Tanzania, Kenya na nchi nyingine zikayumba kwa siku kadhaa. Je, hiyo haioneshi kwamba kuhesabu mikongo hakutoshi?

Muunga Faiba

Umenena sawasawa, kijana wangu, na huo ndio mtihani wa kweli. Mikongo miwili inayopita kwenye sakafu ile ile ya bahari ni mmoja siku ya maporomoko au ya nanga iliyoburuzwa. Siku ile ya Mei nilikuwa mtaroni upande wa Mkuranga na mwenzangu, tumefungua boksi la maungio, na wapita njia walikuwa wanatusimamia na kutulaumu kwamba sisi ndio tuliokata intaneti. Tulimaliza kuunga, kifaa kikasoma upotevu mdogo kabisa wa mwanga, kila kitu kwenye ardhi yetu kizima, na bado simu zetu wenyewe zilikuwa zinazungusha duara tu. Mkato ulikuwa maelfu ya kilomita kutoka pale. Mwaka hadi mwaka dunia hupata mikato kati ya 150 na 200 ya mikongo ya baharini, na sehemu kubwa husababishwa na nyavu za uvuvi na nanga, kwa hiyo haya si mambo ya ajabu. Nchi kubwa huwa haiyahisi, kwa kuwa ina njia nyingi zinazotoka pande tofauti.

Kwa hiyo ninapotazama ramani ya nchi ya visiwa nauliza maswali matatu kwa mpigo mmoja: mikongo inashukia fukwe zilizo mbali kiasi gani, inaelekea nchi gani, na umeme wa kila kituo unatoka wapi. Idadi naiuliza mwisho.

Mtoto wa Ng'ambo

Swali dogo la mwisho kutoka kwangu, kwa udadisi tu. Meli ikishapata ncha mbili za mkongo baharini, mnajuaje kwamba umepona?

Muunga Faiba

Sijawahi kufanya kazi melini, ila kuunga kwenyewe ni ndugu mmoja na kwetu, kwa hiyo nitakueleza kilicho sawa kwanza. Unavua ngozi ya juu ya uzi hadi kioo kibaki kitupu, unakipangusa kwa spiriti hadi kipige kelele ya usafi, unakikata kwa kisu maalumu ili kichwa chake kiwe bapa kabisa. Unazilaza ncha mbili uso kwa uso ndani ya mashine, na kwenye kioo kidogo unaziona kama miwa miwili minene. Mashine inapitisha cheche ya umeme, kioo kinayeyuka kwa kitambo kidogo mno, na miwa miwili inakuwa mmoja. Ukiona mstari au povu pale katikati, unakata na kuanza upya.

Melini kuna zaidi ya hapo, kwa sababu ndani ya mkongo kuna pia shaba inayopeleka umeme kwa mitambo ya kuongeza nguvu ya mwanga iliyolala njiani, na kiungo chote hufunikwa kwa plastiki inayoyeyushwa juu yake na kupigwa eksirei kama mfupa uliovunjika, ili pasibaki tundu la kupitisha maji ya chumvi. Yote hayo hufanyika meli ikiwa imesimama mahali pamoja dhidi ya upepo na mkondo. Kisha fundi wa ufukweni hupeleka tena ule mwanga wa kupimia. Mwanzo ulikuwa unarudi kutoka kilomita 37. Sasa haurudi kutoka pale, unapita. Nuku'alofa iliuona ukipita tarehe 22 Februari, siku ya 38 tangu mlipuko.